Mpox na mimba: namna mama anapimwa kwenye kituo cha afya, na kwa nini asikimbie kipimo

Siku ya kipimo cha mimba, wamama wa Wagenia wanaamka mapema. Wengine wanakuja kwa muguu kutoka kandokando ya maporomoko, wengine kwa toleka ao kwa moto, wengine wanavuka muto kwa mutumbwi. Mambo ya siku hiyo wanayajua: mizani, utepe wa kupima tumbo, tone la damu kwenye kidole, vinini vya kuzuia malaria. Lakini tangu mpox ilipoenea, vituo vya afya katika provinsi zilizoguswa vimeombwa kuongeza jambo moja. Kabla mama hajaingia, anaulizwa kama ana homa, kama kuna mutu nyumbani mwenye vipele, kisha ngozi yake inaangaliwa.

Hapo ndipo woga unaanzia. Mama mwenye kipele kimoja kwenye mukono anajiuliza: wakiona hiki, watanifukuza? Nitazalia wapi? Majirani watasema nini? Nani atauza samaki kama mimi nafungiwa wiki tatu? Kwa sababu ya maulizo hayo, mama anaweza kuamua kubaki nyumbani, na kurudi kwenye kituo siku ya uchungu tu, wakati ambapo hali ni mbaya zaidi kwake na kwa mutoto.

Kupima mama mwenye mimba wakati wa mulipuko haiko njia ya kumufungia mulango. Ni njia ya kujua apitie mulango gani, ili atunzwe yeye, mutoto wake, na wale wamama wengine wanaokaa naye kwenye benchi moja.

Mpox ni ugonjwa gani

Mpox inaletwa na virusi vya jamaa moja na vile vya ndui ya zamani. Watu wengi wanaijua kwa jina la ndui ya nyani, ao monkeypox. Jina hilo lilitokana na nyani waliougua katika maabara huko Copenhagen, Denmark, mwaka wa 1958. Nyani wanasingiziwa: wanyama wanaozaniwa zaidi kubeba virusi hivi ni panya wa pori, kindi na wengine wa namna hiyo. Mwezi wa 11 mwaka wa 2022, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilichagua jina la mpox ili watu wasichekwe kwa sababu ya ugonjwa.

Mutu wa kwanza duniani aliyejulikana kuwa na mpox alikuwa mutoto wa Congo, kijana wa miezi 9, huko Basankusu katika Équateur, mwaka wa 1970. Kwa hiyo ugonjwa huu haukuletwa juzi na watu wa kutoka inje, kama wengine wanavyosema. Umeishi katika misitu yetu zaidi ya miaka 50. Jambo lililobadilika ni wingi wa wagonjwa, na namna watu wanavyosafiri na kuishi pamoja katika miji.

Tarehe 14 Agosti 2024, OMS ilitangaza mpox kuwa hali ya hatari kwa afya ya dunia nzima. Siku hiyo ilisema kwamba katika Congo peke yake, tangu mwanzo wa mwaka, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa zaidi ya 15.600 na vifo 537. Tshopo ilikuwa kati ya provinsi sita zilizochaguliwa kwanza kwa chanjo, pamoja na Équateur, Sankuru, Sud-Ubangi, Nord-Kivu na Sud-Kivu. Hali hiyo ya hatari ya dunia iliondolewa tarehe 5 Septemba 2025. Lakini kuondoa tangazo haiko kuondoa virusi: katika inchi ambamo virusi viko kwa wanyama wa pori, vinaweza kurudi kwa watu wakati wowote.

Ugonjwa unaambukiza kwa kugusana: kugusa vipele, majimaji yake ao magamba yake, kulala kwenye kitanda kimoja, kutumia kikwembe, taulo ao shuka la mugonjwa, kufanya ngono, kusemezana uso kwa uso kwa muda murefu, kuua, kuchuna ao kukata munyama wa pori mwenye virusi. Na mama mwenye mimba anaweza kupitisha virusi kwa mutoto aliye tumboni.

Kutoka siku ya kuambukizwa mpaka alama kuonekana inaweza kupita siku 1 mpaka 21. Alama ni homa, kuumwa kichwa, mugongo na viungo, kuchoka, tezi kuvimba kwenye shingo, kwapani ao kwenye kinena, na vipele. Vipele vinaweza kutoka usoni, kinywani, kwenye viganja, chini ya nyayo, na kwenye sehemu za siri. Kwa wengi ugonjwa unapona kati ya wiki 2 na wiki 4. Mugonjwa anaendelea kuambukiza mpaka magamba yote yaanguke na ngozi mupya itokee.

Kwa nini wanaangalia zaidi mama mwenye mimba

Jibu moja linatoka hapa kwetu Congo, kwenye hospitali kubwa ya Kole, katika provinsi ya Sankuru. Kati ya mwaka wa 2007 na 2011, wanganga na watafiti walifuata huko wagonjwa 222 wa mpox. Kati yao kulikuwa wamama 4 wenye mimba, ambao habari yao ilitangazwa mwaka wa 2017.

Kati ya hao wane, mumoja tu alizala mutoto muzima. Wawili mimba zilitoka katika miezi mitatu ya kwanza. Wa ine, mutoto alikufa tumboni. Alipotoka, ngozi yake ilikuwa na vipele kichwani, kifuani, kwenye mikono na miguu. Virusi vilipatikana katika mwili wa mutoto, kwenye kamba ya kitovu na kwenye kondo, yaani ile nyama inayomulisha mutoto tumboni. Hapo ilionekana wazi kwamba virusi vinaweza kuvuka kutoka kwa mama kwenda kwa mutoto.

Wamama wane ni wachache. Habari ya Kole haiwezi kusema kwamba kila mimba yenye mpox itaharibika, na mama aliyepata mpox asikate tamaa: hata huko Kole kuna aliyezala mutoto muzima. Lakini inatosha kuonyesha kwamba mama mwenye mimba hapashwi kungoja. Kipele ambacho kwa mutu mwingine kinapona pole pole nyumbani, kwake kinaweza kumupoteza mutoto.

Jibu la pili ni la mahali penyewe. Kwenye kipimo cha mimba wanakutana wamama wengi siku moja, wakikaa karibukaribu, wengine wakibeba watoto wadogo mugongoni. Mizani ni moja, kitanda cha kupimia ni kimoja, utepe ni uleule. Mama mumoja mwenye vipele akipita bila kujulikana, na vyombo visiposafishwa, wengine wanarudi nyumbani na ugonjwa.

Namna upimaji unavyofanyika

Kuna hatua mbili, na watu wengi wanazichanganya. Hatua ya kwanza ni kuchambua: kuuliza na kuangalia. Hatua ya pili ni kupima kwenye maabara, na inafanyika kwa yule tu aliyeonekana na alama.

Kwenye kuchambua, mama ananawa mikono mulangoni na joto lake linapimwa. Kisha anaulizwa: je, katika siku 21 zilizopita ulikuwa na homa? Una kipele, kidonda ao tezi iliyovimba? Kuna mutu nyumbani, jirani, ao mupenzi mwenye vipele? Uligusa munyama wa pori aliyekufa ao mugonjwa? Ulisafiri wapi? Ulizo la mupenzi haliko la kumuhukumu mama. Linaulizwa kwa sababu kipele cha kwanza mara nyingi kinatoka mahali ambapo ngozi iligusana na ngozi.

Kisha muuguzi anaangalia uso, kinywa, mikono, viganja, nyayo, na kama kuna sababu, sehemu za siri. Hilo linapashwa kufanyika mahali pa faragha, nyuma ya pazia ao ndani ya chumba, si mbele ya mustari wa watu. Mama ana haki ya kuelezwa kwa nini, ya kuomba muuguzi mwanamuke kama yuko, na ya kuona glavu mupya zikivaliwa mbele yake.

Akionekana na alama, anapelekwa kwenye chumba cha pembeni, anapewa maski, na vipele vyake vinafunikwa. Muuguzi anachukua kijiti chenye pamba, anasugua kipele ili kupata majimaji ao gamba, na kukifunga ndani ya kichupa. Inauma kidogo, lakini haigusi mimba hata kidogo. Kichupa kinapelekwa kwenye maabara yenye mashine ya kutafuta virusi vyenyewe, ile inayoitwa PCR. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya INRB huko Kinshasa. Kuna pia maabara ya INRB huko Goma. Matokeo yanaweza kuja kwa saa chache ao kwa siku kadhaa, kufuatana na umbali na mafuta ya kusafirisha vichupa.

Jambo moja la lazima: kipimo cha mimba kinaendelea. Hata kama mama anazaniwa kuwa na mpox, bado moyo wa mutoto unasikilizwa, tensio inapimwa, malaria na virusi vya ukimwi vinapimwa, vinini vinatolewa. Mpox haifuti CPN.

Tena si kila kipele ni mpox. Tetekuwanga, ile wanganga wanaita varisela, inafanana nayo sana, na katika Congo imedanganya hata wauguzi wenye uzoefu. Upele wa joto, ugaga na kaswende pia vinaweza kuchanganya. Kuvimba kwa tezi, na vipele kwenye viganja na nyayo, vinafanya mutu afikirie mpox zaidi. Lakini ni maabara inayokata neno. Kwa hiyo mama mwenye alama haiko tayari mugonjwa wa mpox, na majirani hawana haki ya kumuita hivyo.

Kwa nini wasipime wamama wote kwa mashine?

Ulizo hili ni zuri, kwa sababu wamama wanajua kwamba kwa virusi vya ukimwi kila mutu anapimwa, hata yule mwenye afya kabisa. Virusi haviko sawasawa, na kila kimoja kina njia yake ya kukitafuta.

Virusi vya ukimwi vinaweza kukaa mwilini miaka bila alama yoyote. Kumungoja mama augue ni kuchelewa. Tone moja la damu linatosha, na jibu linapatikana siku ileile. Faida yake ni kubwa: bila dawa, mama mwenye virusi anaweza kumuambukiza mutoto wake katika mimba, kuzala ao kunyonyesha mara 15 mpaka 45 juu ya 100, akitumia dawa vizuri, hatari inashuka chini ya 5 juu ya 100. Ndio maana kila mama anapimwa.

Corona nayo ilijificha. Katika hospitali mbili za New York, Marekani, kati ya tarehe 22 Machi na 4 Aprili 2020, wamama 215 walikuja kuzala. Waliokutwa na virusi walikuwa 33, na kati ya hao 29 hawakuwa na alama yoyote siku ya kuingia. Kama wangeulizwa tu "una homa? unakohoa?", karibu wote wangepita. Walijulikana kwa sababu huko kila mama alikuwa anapimwa puani.

Kwa mpox, virusi vingi viko kwenye kipele chenyewe. Kwa mutu asiye na kipele, hakuna mahali pazuri pa kusugua, na damu haiko kipimo kizuri cha ugonjwa huu. Kupima wamama wote bila alama kungemaliza vifaa bila kupata wagonjwa. Chombo cha kwanza cha upimaji wa mpox ni macho ya muuguzi na ukweli wa mama. Mama akificha kipele chini ya kikwembe, hakuna mashine ya Kinshasa wala ya Goma itakayokiona.

Woga una historia yake

Wanaosema "wamama wanakimbia kwa ujinga" hawajui historia. Mwaka wa 1976, huko Yambuku karibu na Bumba, chini ya muto wetu uleule wa Congo, Ebola ilionekana kwa mara ya kwanza katika inchi yetu. Watu 318 waliugua, 280 walikufa. Ugonjwa ulienea sana kupitia hospitali ya misioni, ambako wauguzi walikuwa wanapewa sindano 5 asubuhi kwa kazi ya siku nzima, na sindano moja ilikuwa inapita kutoka kwa mutu mumoja kwenda kwa mwingine. Wamama wenye mimba waliokuja kipimo na kudungwa sindano huko walikuwa kati ya walioguswa vibaya zaidi.

Miaka 42 baadaye, wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020 katika Nord-Kivu na Ituri, watu 3.470 waliugua na 2.287 walikufa. Mama aliyekuja na damu ya mimba alionekana kama mutu wa Ebola, kwa sababu kutokwa na damu ni alama ya vyote viwili. Wenye mimba waliachwa pia inje ya chanjo mwanzoni, mpaka wataalamu walipobadilisha neno mwaka wa 2019.

Somo la Yambuku haliko kwamba mama abaki nyumbani. Somo ni kwamba kituo kinapashwa kuwa safi: sindano mupya kwa kila mutu, glavu mupya kwa kila mama, kitanda kupanguswa kwa maji ya klore kila anapotoka mugonjwa. Mama anaweza kuuliza hayo bila haya. Na somo la Nord-Kivu na Ituri ni kwamba mama mwenye damu, ao mwenye uchungu, hapashwi kungojeshwa matokeo ya maabara ndipo asaidiwe. Muuguzi anavaa vifaa vya kujikinga na kumuhudumia kama vile ana ugonjwa, kisha matokeo yatakuja.

Wakati wa kungoja matokeo nyumbani

Mwenye mimba aliye na mpox anahitaji kufuatwa kwa karibu, na mara nyingi wanganga wanapenda alazwe. Lakini kuna siku za kungoja matokeo, na kuna wale wanaorudishwa nyumbani kwa sababu ugonjwa ni mwepesi na wako karibu na kituo.

Wagenia kuna nyumba ndogo zenye watu wengi. "Jitenge" ni neno rahisi kusema, gumu kufanya. Kinachowezekana ni hiki: mama alale peke yake kwenye kitanda ao mukeka wake, chini ya chandarua chake, hata kama ni kwenye kona tu ya chumba yenye pazia. Afunike vipele kwa nguo safi. Awe na sahani, kikombe, taulo na beseni yake. Nguo zake zifuliwe mbali na za wengine, kwa maji ya moto ao klore kidogo na sabuni, na zianikwe juani. Anayemutunza awe mutu mumoja, avae maski na kunawa mikono kila mara, na asiwe mwanamuke mwingine mwenye mimba. Watoto wadogo wasilale naye.

Vipele visikwanguliwe, visipakwe mafuta ya gari, majivu wala dawa ya kuchoma. Homa ipunguzwe kwa parasetamoli aliyoandikiwa. Asinunue antibiotiki sokoni kwa kujipimia mwenyewe. Anayetumia dawa za virusi vya ukimwi asiache hata siku moja, kwa sababu mpox inakuwa kali zaidi kwa mutu ambaye kinga yake imeshuka.

Kuna pia mambo ya mufuko. Katika familia ya wavuvi, mume anashuka kwenye mitego majini, lakini mara nyingi ni mama anayepeleka samaki sokoni na kurudi na unga na sombe. Mama akikaa wiki tatu bila kuuza, sufuria inakauka, na hapo ndipo anavunja kujitenga. Kwa hiyo familia inapashwa kupatana tangu siku ya kwanza: nani atauza, nani atachota maji, nani atabaki na watoto. Kusema "kaa nyumbani" bila kumupa chakula ni kumutuma sokoni na vipele vyake.

Kama matokeo yanasema ni mpox

Kufuatana na mupango wa serikali, kupima na kutunza mugonjwa wa mpox ni bure. Dawa moja, tecovirimat, ilijaribiwa hapa kwetu, Tunda katika Maniema na tena Kole, kwa wagonjwa 597. Matokeo yaliyotangazwa Agosti 2024 yalionyesha kwamba haikuharakisha kupona kwa vipele. Lakini katika jaribio hilo vifo vilikuwa 1,7 juu ya 100, chini ya vile vilivyozoeleka katika Congo, hata kwa wale ambao hawakupewa dawa yenyewe. Kilichowasaidia ni kulazwa, kulishwa, kupewa maji, kusafishwa vidonda na kufuatwa kila siku. Mama anayefika mapema anapata hayo.

Kuhusu kuzala, mpox peke yake haiko sababu ya kupasuliwa. Upasuaji unaamuliwa kwa sababu za kawaida za uzazi, na vipele vikiwa kwenye njia ya uzazi, munganga anazungumuza na mama juu ya njia iliyo nzuri zaidi. Anazalia kwenye chumba cha pembeni, na wazalishaji wanavaa vifaa. Mutoto anaangaliwa ngozi yake na joto lake kwa siku nyingi.

Kunyonyesha kunaamuliwa kwa kila mama peke yake. Kama hakuna kipele kwenye ziwa na mama ana nguvu, munganga anaweza kumuelekeza namna ya kunyonyesha kwa maski, mikono safi na nguo inayofunika. Kama kuna kipele kwenye ziwa, maelekezo ni mengine. Mama asiache kunyonyesha kwa neno la jirani, kwani katika mazingira yetu, mutoto asiyenyonya naye yuko katika hatari ya kuharisha na njaa.

Na chanjo?

Kampeni ya chanjo ya mpox katika Congo ilianzishwa tarehe 5 Oktoba 2024 huko Goma, kwa chanjo inayoitwa MVA-BN. Virusi vilivyo ndani yake haviwezi kuzaana mwilini mwa mutu. OMS inasema inaweza kutolewa kwa mwenye mimba kama hatari ya kuambukizwa ni kubwa kuliko woga wa chanjo. Chanjo nyingine, LC16, iliyotoka Japani, haipewi mwenye mimba. Mwaka wa 2025 ulitangazwa utafiti wa MVA-BN kwa wamama wenye mimba na watoto wadogo, kwenye hospitali ya Boende katika Tshuapa, provinsi jirani yetu, chini ya vyuo vikuu vya Kinshasa na Antwerp. Kwa hiyo mama anayepewa chanjo aseme wazi kwamba ana mimba, hata kama ni ya mwezi mumoja, na aulize ni chanjo gani.

Kazi ya mume na ya wazalishaji wa kartiye

Mume mwenye vipele asimuguse muke wake mwenye mimba, na aende kupimwa kwanza yeye. Baada ya kupona, OMS inashauri kutumia kapote kwa wiki 12. Wawindaji na wauzaji wa nyama ya pori wamuepushe mama mwenye mimba na kazi ya kuchuna na kukata nyama mbichi. Nyama iive kabisa.

Wamama wazee wanaozalisha nyumbani, na wale reko wanaopita mulango kwa mulango, ndio wa kwanza kuona kipele. Wasimuguse mama bila glavu, wasitangaze jina lake, na wamusindikize mpaka kwenye kituo. Mama akisindikizwa na mutu anayemuamini, anafika.

Alama ambazo haziwezi kungoja

Mwenye mimba, awe na vipele ao hana, aende kwenye kituo saa ileile, mchana ao usiku, akiona moja ya mambo haya:

- damu kutoka chini, ao maji ya uzazi kupasuka;
- mutoto kuacha kucheza tumboni;
- homa kali, ao kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona ukungu;
- uso na mikono kuvimba, ao kifafa;
- tumbo kuuma bila kuacha, ao uchungu kabla ya wakati;
- vipele kwenye macho, ao vidonda vya kinywa vinavyomuzuia kula na kunywa.

Akifika, aseme mulangoni: "Nina mimba, na nina vipele," ao "Nina mimba, na nyumbani kuna mugonjwa wa vipele." Muuguzi akisikia hayo anajua avae nini, na mama apitie mulango gani.